Sentensi Isiyotaka Mazuri

Magari ya hapa yanajua Kijapani kuliko mimi. Unawasha Toyota iliyofika juzi kutoka Mombasa, sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi, ya upole kama ya mhudumu wa benki, inasema maneno yake halafu inanyamaza. Dereva hana habari. Kesho anaambiwa tena, kesho tena hana habari.

Mimi naosha magari hapa Bugembe, kando ya barabara ya kwenda Iganga, na nilisikia sauti ile karibu miaka miwili kabla sijajua inasema nini. Inasema: ETC kādo ga sōnyū sarete imasen. Kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia barabara za kasi huko Japani. Yaani yule mama anatukumbusha kila asubuhi, sisi wa Bugembe, kulipia barabara iliyoko ng'ambo ya bahari.

Basi nikaanza kujifunza hivyo, kwa simu, usiku. Watu wananiuliza, unataka kwenda Japani? Nawajibu, kwa pasipoti gani? Nilitaka tu kujua naambiwa nini. Mkimbizi anaambiwa mambo mengi kwa lugha za watu, anaitika tu.

Mzee mwenye nyumba wetu alinicheka. Yeye alifanya kibarua cha kufunga nondo kwenye daraja jipya la Nile pale Jinja, lile linaloning'inia kwa nyaya, lililojengwa kwa mkopo wa Japani na kufunguliwa Oktoba 2018. Kwa Wajapani wa pale kazini alichukua neno moja tu: abunai! Hatari! Mpaka leo analitumia kwa watoto, kwa mbuzi, na kwa mpangaji aliyechelewesha kodi. Namshukuru. Neno lake la kwanza na la mwisho ni onyo, nami nilipofika mbali kidogo nikakuta lugha ile ina onyo za kila saizi.

Kuna moja linaitwa yō de wa. "Yō" ni kama kusema hali, au namna jambo lilivyo. Unaweka mbele yake jambo usilolipenda, linaloonekana sasa hivi kwa macho, kisha unasema ubaya utakaofuata. Mfano wa kitabu: Konna kantan na mondai mo dekinai yō de wa, shiken ni wa ukaranai. Ikiwa hali yenyewe ndiyo hii, hata swali jepesi hivi linakushinda, basi mtihani hufaulu.

Nikatunga ya kwangu: ukisoma kila siku yō de wa, utafaulu. Nikamtumia mwenzangu mmoja wa Kampala ambaye ananisahihishia kwa WhatsApp. Akaniletea alama ya mkasi. Akasema, hapana, hiyo sentensi haipokei mazuri. Ukishasema yō de wa, mlango wa nyuma ni wa mabaya tu. Ukitaka habari njema, tafuta sentensi nyingine.

Nilifurahi sana kulijua hilo. Sitadanganya, nilijiona msomi. Na wiki hiyohiyo mdogo wangu akaleta ripoti ya shule. Yuko S3. Hesabu: 31.

Karo namlipia mimi kwa ndoo na sabuni, gari moja moja. Kulikuwa na wateja wawili wamekaa kwenye benchi, na mwenye nyumba. Nikamwambia mbele yao wote: "Kama hesabu ya S1 bado inakushinda na uko S3, mtihani wa UNEB utausikia kwa redio." Wateja wakacheka. Sentensi niliitoa kwenye kitabu, nikaivalisha Kiswahili. Yeye hakujibu. Alichukua kitambaa akamaliza kufuta vioo vya gari lililokuwa mbele yake, vyote, hata vya nyuma.

Baada ya siku mbili nikakuta godoro lake limekunjwa.

Sasa lazima nirudi nyuma kidogo. Sisi ni wa Jomba, Rutshuru, karibu na mpaka. Kwetu hatusemi "tusipoondoka". Hiyo ya "usipo" nimeijua huku Uganda, kwenye vitabu vya Kiswahili sanifu. Kwetu tunasema "kama hatutoke". Tarehe 5 Julai 2012 Papa aliingia nyumbani jioni, hajavua hata kofia, akamwambia Mama: "Kama hatutoke leo..." Akaishia hapo. Mama hakumuuliza kama hatutoke itakuwa nini. Alifunga huyu mdogo wangu mgongoni, alikuwa hajafika miaka mitatu, tukatoka. Kesho yake M23 wakaichukua Bunagana, nasi tulikuwa upande wa Kisoro, tunaelekezwa Nyakabande na watu wengine kama mchanga.

Wajapani nao wanayo hiyo. Inaitwa nai to. Kaeranai to... maana yake, nisiporudi... au usiporudi... na mara nyingi wanaiacha hivyohivyo, bila nusu ya pili. Anayesikia anaelewa. Kitabu changu kinaipa mistari minne tu, maana ni somo la wanaoanza, na mimi niliipita mbio kwenda kwa zile ngumu. Lakini angalia tofauti. "Kama hatutoke" inakuachia mlango: basi toka. Yō de wa haikuambii ufanye nini. Inakutazama ulivyo, inakuhukumu, inakaa.

Papa alirudi Jomba mwishoni mwa 2013, M23 waliposhindwa, kuangalia shamba. Simu yake ilipatikana wiki mbili. Mama yuko Nakivale na dada zetu, na sisi wawili tulikuja huku kutafuta.

Mdogo wangu alikuwa Mbale. Kijana mmoja tuliyekuwa naye Nakivale anaosha pikipiki kule, ndiye aliyenipigia. Nikapanda teksi kwenye barabara, nikapitia Iganga na Tirinyi, na njia nzima napanga maneno. Nilipanga msamaha. Nilipanga pia habari ya karo, maana nilishalipa nusu. Kila sentensi niliyoipanga ilianza vizuri halafu ikageuka ikawa ya kumkosoa, kama ulimi umezoea kona moja.

Nilimkuta amechuchumaa na brashi, anasugua minyororo ya bodaboda, mlima wa Wanale nyuma yake. Amekonda, au labda ni shati. Akaniona, akasema "Yaya, karibu," kama mgeni amefika nyumbani kwake. Akaniletea ndoo tupu nikalie.

Tukakaa. Nikamuuliza kama amekula, akasema chapati na maharage. Nikasema vizuri. Msamaha nilioupanga tangu Iganga haukutoka, ulikwama hapa kooni, na watu wa pikipiki walikuwa wanasikiliza.

Nikasema: "Kama haurudi..."

Akasimamisha brashi. Alingoja nusu ya pili. Yeye hakumsikia Papa, alikuwa mtoto mgongoni. Nilitafuta hiyo nusu, kwa Kiswahili, kwa kile Kijapani changu, sikuipata, nikamtazama tu.

"Ngoja nimalize hii," akasema. "Mwenyewe ameshanilipa."

Nikachukua kitambaa kwenye ndoo ya pili nikaanza na rimu ya nyuma.