Ponya Maji Kwanza, Ndipo Ulete Samaki



Kuna mtu amepoteza kitu mwaka huu, na kila anayekutana naye anamwambia neno moja: tafuta kingine. Duka limefungwa, fungua lingine. Mchumba ameondoka, tafuta mwingine. Leo nataka kusema na huyo mtu, na nitasema naye kupitia tangi la samaki. Nivumilie kidogo.

Kwetu sebuleni tuna tangi la lita 120. Ni la binti yangu wa miaka 11. Ndani yake mna mimea hai: anubias iliyofungwa kwenye gogo, na vallisneria ndefu kama nyasi. Mlikuwa na samaki 23: gapi wenye mikia ya rangi, neon tetra wanaotembea kwa kundi, na corydoras wanaochakura chini kwenye changarawe.

Tulienda mashambani kwa mazishi. Huku nyuma stima ikapotea mtaani kwa karibu siku mbili. Tuliporudi, hapakuwa na samaki hata mmoja aliye hai.

Watu huniuliza, "Pasta, si mimea hutoa oksijeni?" Hutoa, ikiwa na mwanga. Gizani mimea nayo hupumua na kutumia oksijeni ile ile ya samaki. Pampu ikisimama, maji hayachezi, na hewa mpya haiingii. Tena ndani ya filta wanaishi bakteria wanaosafisha maji. Wao pia wanahitaji maji yenye oksijeni yapite. Maji yakilala humo kwa saa nyingi, wanakufa na kuoza, na stima ikirudi uchafu huo wote husukumwa tangini.

Majirani walikuja kutupa pole, Mungu awabariki. Mmoja akasema, "Si ni samaki tu? Kesho mpeleke mtoto dukani, tangi lijae tena." Ni neno la upendo. Lakini binti yangu aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelisikia kwa mtu mzima yeyote siku ile: "Baba, na hao wapya watakufa pia?"

Mpendwa, jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Tukiwaweka kesho, watakufa.

Ukilitazama lile tangi ungesema liko tayari. Maji yalikuwa meupe, mimea ya kijani, taa inawaka. Lakini amonia haina rangi. Inatoka kwenye kinyesi cha samaki, kwenye chakula kilichooza, kwenye mizoga. Huunguza matamvua ya samaki. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo nitriti ni sumu pia. Inaingia kwenye damu na kuizuia kubeba oksijeni, samaki anakosa pumzi akiwa ndani ya maji yenye hewa. Kisha kuna bakteria wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo, na mimea huitumia kama mbolea. Hilo jeshi dogo lisiloonekana ndilo lililokufa kwetu. Samaki wapya hawawezi kuchukua nafasi yake.

Soma 2 Wafalme 2. Watu wa Yeriko walimwambia Elisha kwamba mji wao ni mzuri, ila maji ni mabaya na nchi haizai. Tazama alichofanya mtumishi wa Mungu. Hakuwaambia wapande tena na tena. Aliomba chombo kipya chenye chumvi, akaenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe, na hapo ndipo maji yalipoponywa. Kulikuwa na kazi chini ya ile hasara, na aliifanya hiyo kwanza.

Basi nasi tulianza na maji. Tulitoa mizoga yote, tukakata majani yaliyooza, tukasuuza filta, tukabadilisha nusu ya maji. Maji ya mfereji yana klorini ya kuua vijidudu. Kwetu tunaokunywa ni ulinzi, lakini kwa samaki na bakteria wao ni sumu, kwa hiyo tulitia dawa ya kuiondoa. Hita tukaiweka nyuzi 25, taa tukaiwasha kwa muda wa saa 7 tu kwa siku ili mwani usitawale.

Halafu tukafanya jambo lililomshangaza binti yangu. Kila jioni tulitia chembe chache za chakula katika tangi lisilo na samaki. Chakula kikioza hutoa amonia, na amonia ndiyo riziki ya bakteria. Tulikuwa tunawalisha wasioonekana.

Kila Jumamosi yeye ndiye aliyepima maji na kuandika kwenye daftari. Wiki ya kwanza amonia ilipanda. Wiki ya tatu ikaanza kushuka, nitriti ikapanda. Wiki ya nne aliniambia amechoka. Mwisho wa wiki ya tano, amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati tu ndiyo iliyobaki. Na vallisneria, ambayo ilikuwa imeoza majani, ilikuwa imetoa machipukizi mapya kutoka mizizini.

Nuhu naye alimtuma njiwa, akasubiri siku 7, akamtuma tena. Alikuwa na hamu ya kutoka safinani kuliko wewe, lakini alipima.

Sasa nije kwako. Kuna mama kanisani, na amenipa ruhusa niseme, ambaye alipoteza mimba ya miezi 7. Hata wiki mbili hazijaisha, watu waliookoka walikuwa wanamwambia, "Usilie mama, Mungu atakupa mwingine." Sisemi mtoto ni samaki, hasha. Nasema ushauri ule unaona pengo na hauoni maji. Yule mama alikuwa halali. Alikuwa hali. Akina mama wawili wa ushirika wakaanza kwenda kwake kila Jumatano. Walipika, wakafua, wakaketi. Hawakuhubiri. Chembe chache za chakula, wiki baada ya wiki, mahali ambapo hakuna kinachoonekana.

Mpendwa, kungoja si kukosa imani. Kungoja bila kufanya lolote ni kitu kimoja. Kungoja huku unayalisha maji ni kitu kingine. Lala. Kula. Lipa lile deni kabla ya kufungua duka lingine. Mlilie uliyempoteza kabla ya kumleta mwingine moyoni.

Na wakati ukifika, usijaze kwa siku moja. Bakteria huongezeka kulingana na mzigo. Ukiuzidisha ghafla, sumu inarudi. Sisi tulianza na gapi 5. Tuliwatenga wiki mbili katika chombo kingine, tukiangalia ugonjwa wa madoa meupe. Siku ya kuwahamisha, tulielesha mfuko juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane, tukawaongezea maji ya tangi kidogo kidogo. Wiki kadhaa baadaye wakafuata corydoras 6. Neon tetra watakuja mwisho, maana hao wanapenda tangi lililokomaa. Pia tumenunua pampu ndogo ya hewa ya betri, kwa sababu stima itapotea tena. Sikumwahidi binti yangu kwamba hakuna samaki atakayekufa. Nilimwahidi kwamba hakuna atakayeingia kwenye maji ambayo hatujayapima.

Usiruhusu mtu akuharakishe kwa sababu pengo lako linamsumbua yeye kulitazama. Na kama wewe ndiye jirani, usiende na samaki mkononi. Nenda ukaketi.

Tuombe. Baba, mtazame aliyepoteza. Nenda mpaka kwenye chemchemi ya moyo wake, pale ambapo sisi hatuoni. Mpe watu wa kuketi naye, mpe subira ya kupima, na kwa wakati wako umpe tena, kidogo kidogo, kitakachodumu. Katika jina la Yesu.

Kama neno hili ni lako, andika Amina, kisha umtumie mtu mmoja anayengoja.