Hatua Moja kwa Zamu



Juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie jambo ambalo halijapata kuandikwa katika ukurasa huu, yaani mchezo wa kompyuta. Wapo watakaoshangaa, nasi hatuwalaumu. Sisi wenyewe, hadi miezi michache iliyopita, tuliihesabu michezo hiyo kuwa upotevu wa wakati, na tulikwisha kusema hivyo mbele ya vijana zaidi ya mara moja.

Tangu mwanzo wa mwaka anaishi nasi katika nyumba ya mapadre kijana wa miaka 15, mtoto wa dada yetu. Baba yake alifariki Novemba iliyopita. Kijana alikuja na sanduku moja na maneno machache. Kila asubuhi alituamkia, "Shikamoo, mjomba," tukaitikia, na mazungumzo yakaishia hapo. Jioni aliketi mbele ya kompyuta kuukuu iliyokwisha kustaafu ofisini, akitazama kioo cheusi chenye herufi na nukta. Nasi, kwa haraka ya mtu mwenye shughuli nyingi, tulikwisha kukata shauri: muhula ujao aende shule ya bweni, mbali, asikokuwa na kompyuta ya kuchezea. Fomu zilikuwa zimejazwa. Mwenyewe hakuwa ameulizwa.

Jioni moja mvua kubwa ilizuia kikao cha jumuiya. Tukakosa kazi, tukavuta kiti, tukamwomba atufundishe.

Mchezo huo unaitwa Rogue. Ulitungwa yapata mwaka 1980 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz, Marekani, Michael Toy na Glenn Wichman. Baadaye Ken Arnold alishirikiana nao. Mwaka 1983 ulisambazwa pamoja na mfumo wa kompyuta wa BSD, ukawafikia wanafunzi wa vyuo vingi. Hauna picha hata moja. Mchezaji ni ile alama ya @ tuijuayo katika anwani za barua pepe. Sakafu ni nukta, kuta ni vistari, milango ni alama za kujumlisha. Maadui ni herufi kubwa, kuanzia A hadi Z: B ni popo arukaye ovyo, D ni joka, Z ni zombi. Mchezaji hushuka katika mahandaki ya chini ya ardhi, ngazi baada ya ngazi, akitafuta hirizi iliyofichwa katika ngazi ya 26, kisha apande nayo hadi juu.

Kioo chote kimegawanyika katika miraba, mfano wa ubao wa drafti. Kila ngazi ina vyumba visivyozidi 9 vilivyounganishwa kwa njia nyembamba. Kompyuta huvipanga upya kila mchezo uanzapo, hata asiwepo awezaye kuikariri njia. Chumba chenye mwanga huonekana chote mara uingiapo. Chumba cha giza hukuonyesha miraba inayokuzunguka tu, nawe huna budi kukipapasa hatua kwa hatua. Ulipokwisha kupita hubaki pamechorwa kwenye kioo. Lakini ramani hiyo ni kumbukumbu tu, haikuambii ni nani ameingia humo tangu ulipotoka. Pengine njia hukomea ukutani. Hapo hubonyeza herufi ya s ili kuchunguza miraba iliyo jirani, kwa kuwa ipo milango iliyofichwa, na mara nyingine sharti uchunguze tena na tena ukuta uleule kabla mlango haujafunuka.

Lililotushangaza zaidi ni habari ya zamu. Tulipopewa nafasi ya kucheza, tulikurupuka. Tuliingia chumba kimoja, tukaona herufi tatu zikitujia, vidole vikaanza kubonyeza ovyo kana kwamba nyumba inaungua. Kijana akatushika mkono.

"Mjomba, hakuna anayekukimbiza. Usipobonyeza, hata wao hawasogei."

Ndivyo ilivyo. Katika mchezo huo mchezaji akienda hatua moja, maadui nao hupata zamu yao. Akitulia bila kubonyeza, ulimwengu mzima hutulia pamoja naye, hata akitaka kwenda kunywa chai. Kijana alitutaka tutazame kwanza: mlango uko wapi, adui yupi yu karibu, mkobani mna nini. Kisha akaturudisha nyuma hadi ndani ya njia nyembamba, ambamo maadui hawakuweza kutuzingira, bali walilazimika kuja mmoja mmoja. Tukapona.

Tukamwambia kwamba wahenga walikwisha kunena: mwenda pole hajikwai. Akatikisa kichwa. Tusidhani, alisema, kwamba tunaweza kuzungukazunguka tutakavyo. Kila hatua inakula chakula. Ukipekua kila pembe, au ukisimama zamu nyingi ukisubiri majeraha yapone, njaa itakuja. Utadhoofika, utazimia, na mwisho utakufa bila kuguswa na adui yeyote. Wahenga haohao ndio walionena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo.

Seminarini tulisoma falsafa miaka kadhaa, wala hatukumbuki kupewa somo hilo kwa uwazi namna hiyo. Kufikiri hakugharimu kitu. Kutenda ndiko kunakogharimu. Sisi tulikuwa tumeishi kinyume chake. Tuliharakisha pale palipotaka kutazamwa, tukajaza fomu za shule. Tukaahirisha pale palipotaka hatua, tukapitisha miezi bila kumwuliza mtoto aliyefiwa anaendeleaje.

Usiku huo aliendelea kucheza, nasi tukitazama. Alifika ngazi ya 8. Alikunywa dawa asiyoijua, kwa maana rangi za dawa nazo hubadilishwa kila mchezo, na maana yake hujulikana kwa kuonja. Ilimpofusha. Zamu chache baadaye maisha yalimwishia. Katika Rogue kifo hakina marudio: hata ukiwa umeuhifadhi mchezo ili uendelee kesho, kompyuta huifuta nakala hiyo mara uifunguapo. Kioo kikafutika, likatokea kaburi lililochorwa kwa vistari, na juu yake jina la mchezaji.

Lilikuwa jina la shemeji yetu.

Hatukusema kitu. Yeye naye hakugeuka. Baada ya kitambo akasema kwa sauti ndogo, "Sijawahi kumtoa."

Ndipo tulipokumbuka kanuni aliyotueleza mapema, ambayo tuliipita bila kuisikia: bila ile hirizi, ngazi za kupandia zimefungwa. Huwezi kurudi juu kwa sababu tu umechoka au umeogopa. Na aliyeipata akianza kupanda, haikuti njia aliyoshukia. Kila ngazi hupangwa upya.

Tulitulia, wapendwa, kama tulivyofundishwa jioni ileile. Maneno ya faraja tuliyozoea kuyatoa misibani yalikuja mdomoni upesi, tukayaacha yapite. Kisha tukamwomba atusimulie habari za baba yake. Alianza na namna alivyokuwa akiimba vibaya anapoendesha gari. Mvua ilikwisha kukatika, na tulikuwa bado tumeketi pale.

Tangu hapo tumecheza pamoja jioni nyingi. Ngazi yetu ya mbali zaidi ni ya 12. Jina lile bado analitumia, nasi hatujamwambia aache. Fomu za shule zingali mezani. Tarehe ya kuzirudisha ni mwisho wa mwezi. Tumemwuliza anataka nini. Amejibu kwamba anataka kwanza kufikiri, nasi tumemkubalia, ila tumekumbushana tarehe.

Kama nyumbani kwenu yuko kijana akaaye kimya mbele ya kioo, tunawasihi msianze kwa kukizima. Vuteni kiti, mwulizeni anatafuta nini humo.