Vyombo vya Bosi, Mfuko Wangu

Katika bendi zote nilizopigia besi Dar es Salaam, vyombo vilikuwa vya bosi. Gitaa nililoshika, amplifaya iliyokuwa nyuma yangu, spika, waya, vyote vilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi. Kwenye bendi za mashirika mwenyewe alikuwa shirika: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, na mwanamuziki alipokea mshahara mwisho wa mwezi. Kwenye bendi za watu binafsi mwenyewe alikuwa mtu mmoja mwenye biashara zake, amekaa meza ya pembeni anahesabu vichwa mlangoni. Mwaka 1985 Orchestra Safari Sound ilipowachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, mji mzima ulizungumza. Walioondoka waliondoka na koo zao na vidole vyao. Chombo hakihami na mpigaji.

Ndiyo maana kijana akinijia siku hizi kuniuliza anunue besi gani, namuuliza kwanza ana nini mfukoni. Simaanishi pesa. Namaanisha ule mfuko wa turubai unaoning'inia begani, wenye waya wako, nyuzi zako za akiba, kisanduku chako cha DI, betri, testa na koleo. Hivyo ndivyo vitu ambavyo bosi akikuachisha kazi saa nane za usiku, unaondoka navyo na kesho yake unapiga kwingine.

Mimi ni mtoto wa Morogoro, mji wa mpiga solo Mbaraka Mwinshehe, na kama vijana wengi wa pale nilianza kwa kutaka kupiga solo. Nilipofika Dar mwanzoni mwa miaka ya 80, wapiga solo walijaa kila kona ya Magomeni. Wapiga besi walikuwa wa kutafutwa. Njaa ikanichagulia gitaa.

Hali ya nchi ilikuwa ngumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha 1979, fedha za kigeni hakuna, na mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977, haukufunguliwa mpaka 1983. Seti ya nyuzi za besi ililetwa na baharia, au na mtu aliyepita njia za panya kutoka Nairobi, na bei yake ukiisikia unakaa chini kwanza. Mpiga besi aliyenipokea, ambaye nilimwita Mzee mpaka alipofariki, alikuwa na sufuria yake ya nyuzi, ambayo mkewe alishaikataa jikoni. Alifungua nyuzi, akazikunja mviringo, akazitumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika kumi hivi. Maji yaligeuka kahawia na juu yake ikaelea takataka yenye mafuta: jasho letu, ngozi ya vidole, vumbi la ukumbi. Akazifuta kwa kipande cha kanga, akazianika juani, akazirudisha kwenye gitaa, na usiku ule besi ikalia tena.

Sababu yake si uchawi. Uzi wa besi ni waya wa chuma ulioviringiwa na waya mwingine, na uchafu hukaa kwenye vijifereji vilivyo katikati ya viringo. Ukijaa, uzi unakuwa mzito mahali pamoja kuliko pengine, mlio wa juu unakufa, na hata kupatana na magitaa mengine unakataa. Maji ya moto yanautoa uchafu, lakini baada ya usiku kadhaa unarudi, na kila ukichemsha uzi unapungua nguvu. Ilikuwa dawa ya wakati wa shida. Siku hizi ninazo za kununua, na zile zilizochoka nazilowesha kwenye spiriti, kwa sababu spiriti hukauka yenyewe wala haiachi kutu. Na kila baada ya onyesho nazifuta, hata kama nimechoka kiasi gani. Hewa ya pwani ina chumvi. Uzi uliolala na jasho huamka na kutu.

Kuhusu aina ya nyuzi, watu watakugombanisha. James Jamerson, yule wa Motown kule Detroit, alipiga nyuzi za waya bapa na inajulikana kwamba hakuwa na desturi ya kuzibadilisha mpaka zikatike. Kwa muziki wake alikuwa sahihi. Kwa dansi letu naona ukweli uko katikati. Solo na rithimu tayari zinang'ara huko juu. Besi ikija na nyuzi mpya kabisa inagombania nafasi isiyo yake. Mimi hufunga seti mpya, ya kawaida ile ya 45 hadi 105, siku mbili tatu kabla ya kazi kubwa, niipigie mazoezini ipungue ukali. Kufunga nyuzi mpya mchana wa harusi ni kujitafutia kuvuta funguo usiku kucha, maana uzi mpya unalegea.

Sasa nije kwenye umeme, maana nyuzi hazijamuua mtu.

Mwanamuziki anayepiga huku akiitikia ana mikono kwenye nyuzi za chuma na midomo kwenye maikrofoni. Nyuzi zimeungana na bodi ya amplifaya yake. Maikrofoni imeungana na mikisa ya fundi mitambo. Viwili hivyo vikichukua umeme kwenye soketi mbili tofauti, na moja haina ethi, wewe ndiwe waya unaoziunganisha. Umeme wetu ni wa volti 230. Katika baa moja ya Temeke, ambako aliyefunga soketi ya jukwaani aliuacha waya wa ethi ukining'inia, niliona cheche ya buluu ikiruka kati ya maikrofoni na mdomo wa mpiga rithimu wetu. Alianguka na gitaa lake. Akainuka, watu wakadhani ni mbwembwe za jukwaani, wakapiga makofi. Midomo ilimvimba wiki nzima.

Tangu hapo testa haitoki mfukoni mwangu. Nikifika ukumbini sifungui gitaa kwanza. Nauliza umeme wa mikisa unatoka wapi, na amplifaya yangu naichomeka hapohapo, kwenye chanzo hichohicho, hata ikibidi nivute waya mrefu na mnene kutoka ukutani. Kila soketi naijaribu kwa kile kifaa chenye taa tatu kinachoonyesha kama ethi ipo. Maikrofoni ikishawashwa naigusa kwa testa kabla ya kuisogelea kwa mdomo, na juu yake navisha sponji yangu mwenyewe. Sponji ile watu wanadhani ni ya kuzuia upepo. Mimi naivalisha kwa sababu inaitenga midomo yangu na chuma.

Mtakutana na fundi ambaye besi ikivuma, atataka kukata pini ya ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Mvumo utaisha kweli, na kinga yako itakuwa imeisha pia. Mkatalie. Kisanduku cha DI kina kiswichi kidogo cha kutenganisha ethi ya waya wa sauti peke yake. Kazi ile ndiyo yake. Ukikibonyeza, mvumo unakatika na ethi ya umeme inabaki mahali pake.

Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, kabla hujafuta jasho, zima amplifaya. Umeme unaporudi huja na kishindo, na kishindo hicho kimeunguza vyombo vingi kuliko mvua. Jenereta nayo iache ingurume kwanza mpaka itulie ndipo uwashe. Wakati wa kufunga, vyombo vizimwe kabla yake. Stabilaiza ni kitu kizuri kama mwenye vyombo yuko tayari kuinunua. Mabosi wengi niliowajua walinunua spika ya pili kwanza.

Hiyo spika ya pili nayo ina hesabu zake. Spika mbili za omu 8 zikifungwa pamoja kwenye amplifaya moja, kwa ule ufungaji wa kawaida wa sambamba, zinakuwa mzigo wa omu 4, na amplifaya nyingi za besi zimetengenezwa kuishia hapohapo. Ukiongeza ya tatu unashuka chini ya omu 3. Mwenye ukumbi atafurahi kuona maboksi yamepangana, amplifaya itachemka na kujizima, au itaungua. Soma maandishi ya nyuma yake kabla ya kumsikiliza mwenye ukumbi. Halafu waya wa kutoka amplifaya kwenda spika uwe waya wa spika, mnene. Waya wa gitaa ni mwembamba ndani, umetengenezwa kubeba sauti ndogo, na ukiupitishia nguvu ya amplifaya unapata moto.

Kisanduku cha DI nimekitaja, sasa acha nikisifu kidogo. Ni kidogo, kinakaa kiganjani, na ndicho chombo cha kwanza nilichonunua kwa pesa yangu ya jasho bila kujuta. Besi hutoa sauti dhaifu isiyopenda safari ndefu. Ukiipitisha kwenye waya wa mita ishirini hadi kwenye mikisa, inafika imepoteza ung'avu na imeokota kelele za taa na simu. DI inaibadilisha iweze kwenda mbali ikiwa safi. Maana yake ni kwamba kwenye kumbi za harusi za leo, ambako mitambo imeshakodiwa na fundi yuko mezani kwake, naenda na gitaa mgongoni na mfuko begani, napanda bajaji, basi. Gitaa lisilo na betri ndani lipe DI yenye nguvu yake, ile inayotumia volti 48 kutoka kwenye mikisa au betri yake. Gitaa lenye betri linaridhika na DI ya kawaida isiyotaka umeme. Na gitaa lenye betri, ukimaliza kupiga chomoa jeki: jeki ikibaki imechomekwa, ile betri ya volti 9 inaliwa usiku kucha na kesho yake besi inakoroma.

Fundi mitambo mwenyewe mfuate mapema, msalimie, mjue jina. Ndiye anayeshika sauti yako. Nimewaona wapiga besi wazuri wakigombana naye saa moja jioni, na usiku mzima hawakusikika.

Kuhusu kusikika, vijana wanapenda kuongeza sauti ya chini mpaka vioo vitetemeke. Uzi wa E ukipigwa wazi unatoa hezi 41 hivi. Kwenye ukumbi wa zege na bati, sauti hiyo inazunguka ukutani na kurudi, inajaa kila pembe, na hakuna anayejua umepiga noti gani. Kwenye baa ya wazi haina ukuta wa kuishika, inapotelea angani. Mahali pote pawili dawa ni moja: punguza chini, pandisha katikati. Hebu fikirini, nyimbo zilizorekodiwa Radio Tanzania watu walizisikilizia kwenye redio ndogo za betri, zenye spika isiyoweza kabisa kutoa hezi 41. Hata hivyo watoto wa mitaani waliiimba besi kwa mdomo, pamoja na mapengo yake, yale mapumziko ambayo mpiga besi wa dansi huyaacha ili rithimu ipite. Walichokisikia ni ile milio ya juu ya uzi, na masikio yakajaza iliyobaki. Besi inayoeleweka iko katikati.

Uzito nao una mambo. Ampeg walipotoa SVT mwaka 1969, ile ya wati 300 yenye taa za vioo, kichwa chake peke yake kilikuwa karibu kilo 40. Sauti yake nzuri, sibishi, na waliokuwa na watu wa kuwabebea waliifaidi. Leo kuna vichwa vya nguvu hiyohiyo au zaidi visivyofika kilo 3. Mgongo wangu hauna mjadala hapo. Gitaa lenyewe lina kilo nne au tano za kuning'inia begani kwa saa sita, kwa hiyo mkanda uwe mpana na wa ngozi; mwembamba unakukata. Ili usichomoke kwenye kitufe, kata kipete cha tyubu ya baiskeli ukivalishe juu yake. Hakuna duka litakalokuuzia kitu bora kwa bei hiyo.

Shingo ya gitaa, ikija masika, inapinda. Ubao unakunywa unyevu. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti za katikati: kadi nyembamba ipite kwa kugusa. Ikizidi au ikikosekana, ile fimbo ya chuma ndani ya shingo inazungushwa kwa ufunguo wake, robo mzunguko, unaacha ipumzike, unapima tena. Gitaa la bei ndogo lililonyooshwa hivi linalishinda la jina kubwa lililotelekezwa stoo ya bendi, na nimeyapiga yote mawili.

Kwa hiyo ukilipwa pesa ya harusi yako ya kwanza, liache kwanza lile gitaa jekundu la dirishani. Nunua waya mbili nzuri, DI, seti moja ya nyuzi na testa. Dai risiti, na hakikisha imeandikwa jina lako, si la bendi.