Hasira na Hesabu

Hasira hasara. Wahenga walinena kweli, nami nilisadiki maneno yao siku nilipomtukana mtu asiye na hatia.

Wanafunzi wangu walikuwa wamechanga fedha ili tuiongezee kumbukumbu tarakilishi ya darasa, ambayo kwa uzito wa kazi ilifanana na punda mzee. Ilikuwa na gigabaiti 4. Nikanunua 4 nyingine, zikawa 8. Nilipoiwasha mbele yao, skrini ilionyesha kwamba zinazoweza kutumika ni 3.25 tu. Nyuso zao zikasawijika. Nikaenda dukani mbio, nikamwita muuzaji mwizi mbele ya wateja wake.

Mzee yule hakujibu tusi kwa tusi. Aliniuliza, "Mwalimu, mfumo unaoendesha mashine yako ni wa biti ngapi?" Sikujua. "Basi katazame kwanza," akasema, "kisha urudi unishitaki."

Nilitazama, nikakuta biti 32. Usiku ule nilipiga hesabu. Kila baiti ya kumbukumbu huhitaji anwani yake, kama kila mwanafunzi anavyohitaji nambari yake katika daftari la mahudhurio. Shule ikitumia nambari za tarakimu mbili, kuanzia 00 hadi 99, itaweza kuita watoto 100. Wa 101 atakaa darasani asiitwe kamwe. Anwani za mfumo wangu zilikuwa na nafasi 32, na kila nafasi huwa 0 au 1. Mbili 32 zikizidishwa pamoja, jibu ni 4,294,967,296: hizo ndizo gigabaiti 4, wala haziongezeki. Tena sehemu ya anwani hizo ilikuwa imekwisha kutengewa skrini na vifaa vingine. Kumbukumbu tuliyoinunua ilikuwamo mashinani. Nambari ya kuiitia ndiyo iliyokosekana.

Kesho yake niliweka mfumo wa biti 64, kwa kuwa prosesa yetu iliuweza, na gigabaiti zote 8 zikapata kazi. Kisha nikafuatana na wanafunzi wawili hadi dukani. Nilikuwa nimetukana hadharani, basi niliomba radhi hadharani. Mzee alicheka, akanipa mkono.

Msomaji kijana, kitu usichokiona huenda hakikuibwa. Huenda kipimo chako ndicho kifupi. Hesabu kwanza, ndipo ulaumu.