Mgonjwa wa Siku Zote

Kijana anayeingia shule ya wauguzi huja na picha moja moyoni mwake. Aona mtoto mwenye malaria, amelegea mgongoni mwa mama yake. Aona sindano, aona dawa ikiteremka tone kwa tone mshipani. Na siku ya tatu mtoto yule yule akimbia uani akidai chakula. Mama ashukuru, muuguzi afurahi. Picha hiyo ni ya kweli, nami nimeiona mara nyingi kwa macho yangu. Lakini yeye anayeijua hiyo tu, atapata taabu siku ile atakapopelekwa katika wodi ya watu wazima.

Mimi si mganga wala muuguzi. Nilisomeshwa seminarini, kisha nikawa mwalimu, na huu ni mwaka wa nane nafundisha maadili ya kazi na namna ya kusema na wagonjwa katika shule moja ya wauguzi hapa Kivu. Pamoja na walimu wenzangu walio wauguzi, nawafuata wanafunzi hospitalini wakati wa staji. Basi, niyasemayo juu ya dawa nimeyapokea kwa wenye elimu yake. Niyasemayo juu ya wanafunzi na wagonjwa nimeyaona.

Katika wodi ile kuna mwenye ugonjwa wa sukari, kuna mwenye tansio, mwenye kifafa, mwenye moyo uliochoka, na yule anayeishi na virusi vya ukimwi. Hao hawaponi siku ya tatu. Watoka hospitalini wangali wagonjwa, nao watarudi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniuliza siku moja kwa uchungu: «Mwalimu, ikiwa mzee huyu haponi, sisi twafanya kazi gani hapa?» Swali lile lilinipendeza sana. Asiyeuliza hivyo hajamwona mgonjwa bado. Ameona karatasi yake tu.

Nilimjibu kwa hesabu. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Mgonjwa wa tansio huja kituo cha afya mara moja kwa mwezi. Tuseme muuguzi ampa nusu saa nzima, ingawa kila aliyekaa kwenye viti vya kituo cha afya siku ya soko ajua kwamba nusu saa ni zawadi kubwa. Zabaki saa 719 na nusu. Katika saa hizo zote mgonjwa ndiye muuguzi wa nafsi yake. Yeye apika, yeye ahesabu vidonge, yeye aamua kama franka zilizomo mfukoni zitanunua dawa ama daftari la mtoto. Sisi twamtengeneza muuguzi huyo wa pili, au tusipomtengeneza, kazi yetu yote yaishia mlangoni.

Virginia Henderson, muuguzi wa Marekani, aliandika kitabu juu ya misingi ya uuguzi, nacho kilitolewa na Baraza la Kimataifa la Wauguzi mwaka 1960. Alifundisha kwamba muuguzi amsaidia mtu kutenda yale ambayo angetenda mwenyewe kama angekuwa na nguvu, au nia, au maarifa ya kutosha. Tena amsaidia kwa namna ambayo mtu huyo atarudi kujitegemea mapema. Wanafunzi wetu wajua kwa moyo yale mahitaji 14 ya Henderson, na huyataja upesi kama watoto wanavyotaja amri kumi. Lakini neno lile «maarifa» hulipita mbio. Mgonjwa wa siku zote mara nyingi ana nguvu za kulima na kuchuuza. Nia anayo. Alilokosa ni kujua, au pengine amejulishwa mambo yasiyoweza kuingia katika nyumba yake.

Tazameni insulini. Kabla yake, kijana aliyepatwa na ugonjwa wa sukari ulio mkali alikauka na kufa. Mwezi wa Januari 1922, huko Toronto katika nchi ya Kanada, mvulana wa miaka 14 alidungwa dawa hiyo mpya, akaishi miaka mingine. Watu walishangilia. Lakini palikuwa na daktari mmoja huko Boston, jina lake Elliott Joslin, ambaye tangu mwaka 1918 alikuwa amekwisha kuwaandikia wagonjwa wenyewe kitabu cha kuwafundisha. Yeye alitambua mapema kwamba mgonjwa wa sukari asiyefundishwa yu hatarini hata akipewa dawa iliyo bora, naye aliwatumia wauguzi katika kazi hiyo ya kufundisha.

Hatari yenyewe nawaonyesha wanafunzi kwa mabomba mawili ya sindano juu ya meza. Moja limechorwa kwa insulini ya nguvu ya 100, jingine kwa ile ya 40. Kwa macho yafanana kama mapacha. Nawaambia: mama ameagizwa sehemu 20 za insulini ya 100, naye bomba lake limepotea, jirani amempa la 40. Ajaza mpaka alama ya 20. Amejidunga kiasi gani? Darasa lanyamaza, halafu mmoja apata jibu: sehemu 50. Nyumba nzima yaweza kufiwa kwa sababu ya mistari midogo ya rangi. Hapo hakuna tena anayesinzia.

Na hata kipimo kikiwa sawa, kuna saa ya kula. Vitabu vyetu vyasema: mgonjwa ajidunge, kisha ale. Ni rahisi kusema. Lakini kwetu mama wa nyumba hula wa mwisho. Ampakulia baba, awapakulia watoto, na kama baba amechelewa mjini, sufuria yafunikwa na watu wote wangoja. Mama amejidunga saa kumi na mbili jioni. Baba arudi saa mbili usiku. Katikati mama atetemeka, jasho lamtoka, asema maneno yasiyoeleweka, na watoto wadhani amerogwa. Mwanafunzi aliyemwelekeza mama peke yake hajafanya kitu. Yafaa amwite mume, amkalishe, amwambie kwa heshima: «Baba, jioni mama akijidunga, ale papo hapo, hata kama wewe hujafika.» Wanaume wengi wakielezwa hukubali. Hakuna aliyekuwa amewaeleza.

Wanafunzi huwafundisha pia wale watoto la kufanya mama akianza kutetemeka: vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, kungoja dakika 15, na kumpa tena kama hajapata nafuu, kisha chakula. Lakini kama hawezi kumeza, wasimtie kitu kinywani, bali wambebe upesi kwenda hospitalini.

Ijumaa Kuu moja, mama mmoja wa parokia alianguka kanisani kwa jambo hili hili. Asubuhi alikuwa amejidunga kama kawaida, kisha akafunga. Sheria ya Kanisa yawahusu wenye umri wa miaka 18 hadi 59, na mgonjwa hafungwi nayo. Watoto wa katekisimu wajua hivyo. Mama yule naye alijua; lakini hakujihesabu kuwa mgonjwa, maana alikuwa akitembea na kufanya biashara yake. Tangu siku ile, kabla ya Kwaresima kuanza, wanafunzi wa staji huwauliza wagonjwa wa sukari kama wana nia ya kufunga. Swali lenyewe halichukui dakika moja.

Juu ya chakula nimegombana kidogo na vitabu vyetu. Vyataja tufaha, maziwa ya mgando na mboga nisizozijua hata kwa jina. Mwanafunzi husoma orodha ile mbele ya bibi kutoka Walungu ambaye hula bugali wa muhogo, sombe na maharage, na siku njema sambaza kutoka ziwani. Bibi huitikia «ndiyo, mwanangu» kwa kila neno, kisha arudi nyumbani kula kama jana. Siku hizi twataka mwanafunzi aanze kwa kuuliza: Jana mlikula nini? Saa ngapi? Mlikula wangapi katika sahani ile? Ndipo aseme: tonge zako za bugali zote zisipite ngumi yako, sombe na lengalenga ziongezeke, maharage yabaki. Bibi huyo aweza kupima kwa mkono alionao siku zote.

Miguu nayo yataka uvumilivu. Sukari ikizidi kwa miaka, huua hisia ya nyayo. Mama mmoja aliota moto karibu na mbabula ya makala. Mguu ukaungua, naye hakusikia chochote mpaka mtoto aliponusa. Wanafunzi hujifunza kugusa wayo kwa uzi mgumu wa plastiki unaopinda kwa uzito wa gramu 10, wakimwuliza mgonjwa aliyefumba macho: «Wasikia?» Wengi wao waona aibu kushika miguu ya wazee, na wazee waona aibu zaidi kushikwa. Hapo mwalimu hupiga magoti kwanza.

Sasa niseme juu ya maharage, lakini si yale ya kula. Katika mwaka wa pili nampa kila mwanafunzi chupa yenye punje 60, pamoja na kadi. Kwa siku 30 atatoa punje moja asubuhi na moja jioni, saa zile zile, na kutia alama katika kadi. Ndizo dawa zake. Hakuna uchungu, hakuna gharama, wala hazimchafui tumbo. Siku ya mwisho kadi huletwa zimejaa misalaba mizuri iliyopangwa kama mistari ya shairi. Kisha naomba chupa, nasi twahesabu. Oh! Chupa moja ina punje 9, nyingine 14. Mvulana mmoja mwenye chupa tupu aliungama kwamba amezimwaga punje 11 usiku wa kuamkia leo.

Nikamwuliza kwa nini aliandika uwongo katika kadi, hali nilisema tangu mwanzo kwamba hakuna adhabu. Akatazama chini: «Niliona haya mbele yako, Mwalimu.» Darasa zima likakaa kimya, maana wiki iliyotangulia wao wenyewe walikuwa wamemkaripia mzee mmoja kwa kusema uwongo juu ya vidonge vyake. Shirika la Afya Ulimwenguni liliandika mwaka 2003 kwamba hata katika nchi tajiri, karibu nusu tu ya wenye magonjwa ya kudumu hufuata matibabu yao sawasawa. Kabla ya maharage wanafunzi wangu huisoma habari hiyo kama habari ya watu wengine.

Mzee aliyekaripiwa alikuwa dereva wa lori. Juu ya fishi yake mtu alikuwa ameandika neno «mkaidi». Alipimwa tansio baada ya kukaa dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umewekwa usawa wa moyo, kama inavyotakiwa: 190 juu ya 110. Akarudi mwezi uliofuata na kipimo kile kile. Safari hii msichana mmoja, mpole lakini si mwoga, alivuta kiti na kuketi. Hakuuliza kama amemeza dawa. Alisema: «Mzee, nieleze siku yako ya jana, tangu ulipoamka.»

Mzee akaanza kwa kusitasita. Aliamka saa kumi usiku, akapakia mizigo, akashika njia. Alipofika katika safari yenyewe ukweli ukatoka: kidonge kile cha asubuhi chamlazimisha kukojoa mara kwa mara, naye nyuma ya lori amebeba akina mama na mizigo yao, njia ni nyembamba, matope mengi, na kwenye vizuizi askari hawapendi gari linalosimama-simama. «Ningeacha kazi, watoto wangekula nini? Basi nikaacha kinini.» Alikuwa akimeza siku za Jumapili tu.

Msichana hakubadili dawa kwa akili yake mwenyewe. Hana ruhusa hiyo. Alikwenda kwa daktari na kumsimulia yote. Daktari akabadili matibabu, akachagua dawa isiyomkimbiza mtu vichakani. Baada ya miezi mitatu tansio ilikuwa imeshuka chini ya 140 juu ya 90, na lile neno «mkaidi» likafutwa kwa kalamu nyekundu. Sijui nani alilifuta. Namshuku yule msichana.

Darasa jipya limeingia mwezi uliopita. Maharage nimekwisha kuyanunua sokoni. Safari hii nimechagua meusi magumu ya mwaka jana, kwa kuwa katika kundi lililotangulia palikuwa na wawili waliozipika dawa zao.