Saa Moja Ilipofika Kwenye Skrini

Mwaka 2011 nchi ilikuwa kwenye mgao wa umeme. Maji yalikuwa yamepungua mabwawani, na mimi kwenye steshenari yangu karibu na stendi ya Same nilichapa barua za watu nikikimbizana na betri. Kompyuta yangu ilikuwa ya mpakato, ya mtumba, yenye Linux. Hapo ndipo nilipoanza kuupanga upau wa juu ya skrini kwa programu iitwayo Conky.

Niliweka kila kitu: mzigo wa prosesa, memori, nafasi ya diski, kasi ya intaneti, joto, betri, saa na tarehe. Tarakimu zilicheza kila sekunde, nami nilizipenda. Zilipita wiki kadhaa kabla sijaelewa kwamba prosesa ilikuwa inaamshwa kila sekunde ili ijieleze tu, na chaji ikaliwa na kile nilichokiweka kiilinde. Nikabadilisha iwe kila sekunde 30.

Betri ilinisumbua zaidi. Siku moja upau ulisema asilimia 40, kompyuta ikazimika katikati ya wasifu wa kijana aliyekuwa anawahi basi la Arusha. Linux huweka habari za betri kwenye mafaili ya kawaida, ndani ya /sys/class/power_supply. Nikayafungua. Betri ile iliundwa kubeba saa-wati 48. Sasa hata ikijaa ilibeba 21. Asilimia 40 ilikuwa ya hicho kilichobaki, na betri iliyochoka hukata ghafla. Nikaondoa asilimia, nikaweka saa-wati zenyewe, zigeuke nyekundu zikishuka chini ya 10.

Mwaka huohuo nilipanda Mbaga kwa babu. Joto la prosesa, ambalo mchana wa Same lilifika 78, lilisoma 60 kule milimani. Jioni babu akanipeleka kwenye ndiva, lile bwawa ambamo Wapare huyakinga maji ya kijito usiku, asubuhi yafunguliwe kwa zamu yaende mashambani. Alitazama mara moja maji yalipofika ukutani, akataja mashamba yatakayopata kesho. Kisha akaniuliza, "Mjukuu wangu, hilo lako mbona unalitazama kutwa?"

Niliporudi mjini nilifuta mistari yote isipokuwa betri, joto, saa na tarehe.

Sasa saa. Skrini yangu ilionekana na wateja, na asubuhi moja bibi mmoja alisoma 10:15 akashika kichwa: "Saa kumi hii, mwanangu? Basi la Kisiwani si limeshaniacha!" Ilikuwa saa nne na robo. Nilimtuliza, lakini jambo lile halikunitoka. Tulikuwa tumezoea kutafsiri saa vichwani mwetu, kana kwamba kompyuta haiwezi kuhesabu tunavyohesabu sisi.

Inaweza. Tanzania iko saa tatu mbele ya Greenwich, na hesabu yetu iko saa sita nyuma ya ile ya kizungu. Kwa hiyo nilihitaji ukanda ulio saa tatu nyuma ya Greenwich, na Linux humruhusu mtu kuubuni ukanda wake na kuupa jina. Wangu niliuita SAA. Tarehe niliiacha kwenye ukanda wa kawaida, maana kwenye huo mpya ingegeuka saa kumi na mbili asubuhi badala ya usiku wa manane. Kesho yake, jua lilipokuwa limechomoza tu, upau ukaandika 01:00.

Nimebadilisha kompyuta mara tatu tangu hapo, na Conky niliiacha zamani. Mstari wa saa nimehama nao kila mara, na katika yote niliyowahi kuandika kwenye kompyuta ndio ninaouthamini kuliko mingine. Nawe waitumia Linux? Amri ni hii: TZ=SAA+3 date +%I:%M. Alama ya kujumlisha isikutishe. Hapo maana yake ni magharibi ya Greenwich, yaani kutoa. Iweke kwenye upau wako leo.