Wakimbizi wa Rubondo

Kila nikipita makaburi ya Mazimbu, nasoma majina ya Waafrika Kusini waliofia uhamishoni. Shamba hili la zamani la mkonge Tanzania iliwapa ANC mwaka 1977. Mwaka huohuo kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, kikawa hifadhi ya taifa. Nacho kilikuwa kimeshapokea wakimbizi wake: sokwe 17 waliotolewa vizimbani Ulaya, wakaachiwa msituni kati ya 1966 na 1969. Wakazoea, wakazaana. Safi sana. Ila wavuvi na wakulima waliohamishwa ili kisiwa kibaki pori, jamani? Sokwe tumewahesabu mmoja mmoja. Wenyeji tunawataja kwa jumla. Ukarimu ni mzuri, lakini aliyetoa kitanda naye atajwe jina.